Maharagi Yanapita Mlangoni: Historia ya Rasio katika Nyumba za Butembo na Beni



Katika mikutano yetu ya kartie, kila mara tunapofundisha juu ya kula vizuri, kuna mama mmoja atasimama aseme neno lile lile: "Tunajua. Sombe tunaijua, maharagi tunayajua, samaki tunamjua. Kinachokosa ni rasio." Anataka kusema pesa ya chakula ya siku, ile ambayo mwenye nyumba anaacha mezani asubuhi, ama mwenyewe anaitafuta kwa kubeba mzigo, kufua nguo za watu, au kuuza ndizi pembeni ya barabara.

Upande wa wafadhili swali linakuja tofauti. Wanafika hapa, wanaona milima ya Lubero imejaa viazi, kabeji na vitunguu, wanaona kamyo za ndizi zikiingia Butembo, kisha wanasoma takwimu. Uchunguzi mkubwa wa afya wa nchi nzima wa 2013-2014 ulionyesha kwamba hapa Kivu ya Kaskazini zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani urefu wao haulingani na umri wao. Kwa nchi nzima ilikuwa 43 kwa mia. Basi wanauliza: namna gani mkoa unaolisha wengine uwe na watoto waliodumaa kuliko wengi? Je, wamama hawajui kupika?

Jibu langu ni hapana, si kukosa kujua. Nataka kulieleza kwa njia ya historia, kwa sababu rasio ya leo haikuanza leo. Ina umri wa karibu miaka 100, na kila kipindi kiliongeza mzigo wake juu ya sufuria.

Zamani: kitu cha kununua kilikuwa chumvi

Wazee Wayira (Wanande) wa milimani walikula kutoka shambani. Kulikuwa majimbi, ulezi, ndizi, viazi vitamu, maharagi, na majani ya kila namna. Mbuzi na kuku walikuwa kwa siku kubwa. Bugali yenyewe, ile tunaita obundu, kwanza haikuwa ya muhogo. Muhogo ulikuja kushika nafasi ya kwanza baadaye.

Kitu ambacho shamba halikuweza kutoa kilikuwa chumvi. Watu walitembea kuteremka mpaka bonde la Semliki na ziwa Edouard, wakafika Katwe, upande ambao leo ni Uganda, wakarudi na mizigo ya chumvi kichwani. Tukitaka kusema ukweli, hiyo njo "maduka" ya kwanza ya nyumba zetu: chumvi, na vyuma vya jembe. Vingine vyote vilitoka udongoni.

Tusipambe sana zamani. Kulikuwa miaka ya ukame, kulikuwa magonjwa, kulikuwa vita vya koo. Lakini jambo moja tulishike: njaa ya wakati ule ilikuwa ya mvua na ya msimu. Mtu hakuweza kukaa karibu na gunia la maharagi na kulala njaa kwa sababu hana makuta. Njaa ya namna hiyo ilikuja na mambo mengine.

Wabelgiji: shamba linagawanyika mara mbili

Kwanza kulikuja mipaka. Mpaka na Uganda ulikata njia ya chumvi. Mwaka 1925 ilianzishwa Parke Albert, ambayo tangu 1969 tunaiita Virunga, na katika miaka iliyofuata ilipanuliwa mpaka upande wetu. Katika bonde la Semliki ugonjwa wa malale ulisababisha watu kuondolewa, na nchi iliyobaki tupu ikaingia katika parke. Mashamba ya chini na njia za ziwani zikawa kitu cha kuombea ruhusa.

Pili kulikuja kazi ya lazima. Tangu 1917 serikali ya kikoloni ililazimisha wanakijiji kulima mazao iliyochagua yenyewe, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita kubwa ya dunia, mwaka 1942, siku zile zikaongezwa mpaka 120. Muhogo ulisukumwa sana kwa sababu hauozi haraka udongoni, hauhitaji kazi nyingi, na unasaidia wakati wa njaa. Kwa kweli umesaidia. Lakini muhogo unajaza tumbo kuliko unavyojenga mwili, na tutarudi kwa jambo hilo.

Tatu kulikuja kampuni na wazungu wa mashamba. Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawa ardhi kwa walowezi. Katika baridi ya Lubero walilima ngano, kahawa, pareto na mboga za kizungu: viazi, puaro, karoti, kabeji. Wakati ule ule kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs, MGL, ilikuwa inachimba dhahabu upande wa Lutunguru na Manguredjipa. Butembo yenyewe ilianza kukua kama kambi na kituo cha kampuni ile.

Mfanyakazi wa mgodi alipewa posho kwa kupimwa: unga, maharagi, mafuta ya ngazi, chumvi, mara nyingine samaki mkavu ama nyama. Hapo njo lilipozaliwa wazo kwamba chakula ni kitu unachopewa kwa kipimo, kwa sababu umefanya kazi ya mtu mwingine. Neno tunalotumia mpaka leo, rasio, limetoka katika ulimwengu ule wa kambi, karakana na jeshi.

Angalia vizuri kilichotokea. Shamba liligawanyika mara mbili. Kuna chakula cha kuuza, ambacho ni maharagi, mboga, viazi, ngano, na kinaenda kwa kampuni, kwa misioni, kwa mji. Kuna chakula cha kula, ambacho ni muhogo na majani. Mpaka leo ukienda sokoni Butembo saa kumi na mbili asubuhi utauona mgawanyiko ule ule: puaro na karoti nzuri zinapakiwa kwa kamyo, na mama aliyezilima anarudi nyumbani na unga ya muhogo.

Barabara ya Kisangani na pesa iliyooza

Baada ya uhuru wa 1960 wazungu wengi waliondoka, na wafanyabiashara wa kwetu walichukua nafasi. Mtafiti Vwakyanakazi Mukohya aliandika tasnifu yake ya 1982 juu ya wafanyabiashara hao wa Butembo, wa miaka ya 1960 mpaka 1980. Wengi walianza chini kabisa. Walinunua mboga na maharagi ya milimani, wakayapeleka Kisangani, safari ya zaidi ya kilometa 700 katika msitu, kisha wakarudi na bidhaa za dukani. Nyumba nyingi kubwa za Butembo zina msingi wa maharagi na vitunguu. Hii ni sifa yetu, na tusiione haya.

Lakini kwa rasio ya nyumba ya kawaida, biashara ile ilikuwa na pande mbili. Mkulima alipata pesa ya shule na ya sabuni. Papo hapo bei ya maharagi kijijini ikafungwa na bei ya Kisangani. Barabara ikiwa nzuri, maharagi yanaondoka yote na wanaobaki wananunua kwa bei ya mji. Barabara ikikatika, mboga zinaoza kwa shamba na mkulima hana hata pesa ya chumvi. Katika hali zote mbili, aliye chini njo analipa.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation. Mashamba na maduka ya wageni yakagawiwa kwa wakubwa, na mengi yakafa mikononi mwao. Barabara zikaanza kurudi msituni. Kahawa, ambayo ingeleta pesa kwa njia ya wazi, ikapita usiku kwenda Uganda kwa sababu bei ya serikali haikuwa ya kumlisha mtu.

Kisha pesa yenyewe ikaoza. Desemba 1979 serikali iliondoa noti za zaire 5 na zaire 10, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Kwa mkulima wa Lubero, mbali na benki yoyote, akiba ya godoro iligeuka karatasi. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, ambayo moja ilikuwa sawa na zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1994 kupanda kwa bei katika nchi kulipita asilimia 9,000. Pesa ya asubuhi haikuwa pesa ya jioni.

Kutoka hapo wamama wetu walijifunza hekima ambayo wataalamu wengine bado wanaiita kukosa elimu ya fedha: usiweke makuta, weka kitu. Weka maharagi, weka mbuzi, weka kitenge, baadaye weka dola. Gunia la maharagi chini ya kitanda lilikuwa chakula, lilikuwa benki, na lilikuwa mbegu. Ndiyo maana familia inaweza kuwa na maharagi ndani na isiyale: wanaogopa kula benki yao.

Katika miaka ile ambapo serikali ilikuwa mbali, watu walijisimamia. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi ya Butembo-Beni tangu 1966 mpaka 1997, aliwahimiza waumini na wafanyabiashara kutengeneza barabara, kujenga shule na hospitali kwa mikono na pesa zao. Nalikumbusha jambo hili kwa sababu chama chetu kimetoka katika desturi ile ile. Hatukufundishwa kusaidiana na ONG.

Samaki wa ziwa: nyama ya maskini inapotea

Kuna kipande kingine cha historia ambacho wazee wanakisimulia kwa uchungu, ni samaki wa ziwa Edouard. Kutoka Vitshumbi na Kyavinyonge samaki alipanda mlima akiwa mbichi, wa moshi na wa chumvi, na kwa muda mrefu alikuwa kitoweo cha mtu wa kawaida. Mtoto wa mlinzi wa usiku aliweza kula samaki.

Viboko walikuwa sehemu ya hesabu ile. Mavi yao yanarutubisha maji, na samaki wadogo wanapata chakula. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Vita, silaha na njaa ya waliobeba silaha viliwamaliza: sensa ya 2005 haikufika 1,000. Juu ya hapo kukaja uvuvi bila mpango, nyavu za matundu madogo, na makundi yanayotoza ushuru ziwani. Samaki akapungua, akawa mdogo, na bei ikapanda. Leo katika nyumba nyingi samaki ni fretini, wale wadogo wakavu, wengi wao wakitoka Uganda kupitia Kasindi. Si wabaya hata kidogo, na chini nitawasifia. Lakini tujue kwamba wamechukua nafasi ya kitu tulichokuwa nacho mlangoni.

Vita, dola na Kasindi

Faranga ya Kongo ilianza kutumika tarehe 30 Juni 1998. Mwezi wa Agosti vita vya pili vikaanza. Beni ikawa makao makuu ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, na biashara yote ikageuza uso kuelekea mashariki: Kasindi, Mpondwe, Kampala, Mombasa. Barabara ya Kisangani ilikuwa imekufa. Unga wa mahindi, sukari, mafuta ya kupikia, mchele, biskuti na sabuni vikaja kutoka ng'ambo, na bei ikaanza kuhesabiwa kwa dola au kwa shilingi ya Uganda.

Hii ilibadilisha rasio kwa namna ambayo watu hawaioni haraka. Mama anapokea faranga, lakini sufuria yake inapikwa kwa dola. Faranga ilipoanza, dola moja ilikuwa chini ya faranga 2. Kati ya 2010 na 2015 ilisimama zaidi ya 900. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,800. Mwalimu, askari ama mlinzi anayelipwa kwa faranga alipunguziwa sahani bila mtu kumwambia.

Wakati huohuo mashamba yalipata magonjwa. Robusta ya Beni iliuawa na ugonjwa wa kunyauka katika miaka ya 1990, na wengi wakapanda kakao mahali pake. Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukapanda mpaka kwetu. Mgomba ulikuwa chakula, kinywaji na pesa ya dharura. Ukifa, nyumba inapoteza vitu vitatu mara moja.

Tangu 2014: shamba liko, lakini haliingiliki

Oktoba 2014 mauaji yalianza katika territoire ya Beni, upande wa Oicha, Mbau na Eringeti. Sina haja ya kuwaeleza wanachama. Wengi wenu mlizika watu. Kwa ajili ya wafadhili niseme jambo moja tu: mauaji mengi yalifanyika shambani au njiani kwenda shambani. Kwa hiyo mtu alikimbia na kuacha ghala lake. Eneo lile lilikuwa likiilisha Beni kwa muhogo, mchele, ndizi na mafuta ya ngazi. Aliyekuwa muuzaji wa chakula akawa mnunuzi wa chakula, siku ile ile, katika mji ule ule, pamoja na jirani zake wote. Wauzaji wakapungua na wanunuzi wakaongezeka. Hakuna mwalimu wa lishe anayeweza kurekebisha hesabu hiyo kwa picha za ukutani.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Familia za Beni, Butembo na Lubero zilipokea wageni mwezi, mwaka, na zaidi. Jembe lilikuwapo, shamba halikuwapo. Wenyeji waligawa sahani mpaka sahani ikawa ndogo kwa wote. Msaada huo wa nyumba kwa nyumba hauandikwi katika ripoti, lakini ni mkubwa.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina, ikashika Beni, Butembo na Katwa. Ilipoisha tarehe 25 Juni 2020 walikuwa wamekufa watu 2,287. Tuliambiwa tusiguse nyama ya pori, na kwa afya lilikuwa neno la haki. Lakini kwa watu wa pembeni ya msitu nyama ile ilikuwa kitoweo cha bei ndogo, na hakuna aliyekuja na kitoweo kingine cha bei ile. Kabla Ebola haijaisha, Machi 2020, mpaka wa Uganda ukafungwa kwa wasafiri kwa sababu ya Korona, na wamama wanaobeba mizigo midogo Kasindi wakabaki mikono mitupu.

Waliokuwa wamekimbilia Uganda, Kyaka II, Kyangwali na kwingine, wanajua upande mwingine wa neno rasio. Aprili 2020 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa lilipunguza rasio ya wakimbizi kwa asilimia 30, na Februari 2021 kwa asilimia 40, kwa kukosa pesa. Baadhi ya wanachama wetu walirudi kwa sababu amani ilikuja kidogo nyumbani. Baadhi walirudi kwa sababu sahani ya kambi ilikwisha. Tusichanganye hayo mawili.

Hali ya dharura ya kijeshi imekuwapo tangu Mei 2021. Njia ya Komanda ilipitiwa kwa misafara yenye askari, na misafara yenyewe ilishambuliwa. Tarehe 28 Juni 2024 M23 iliingia Kanyabayonga, na Januari 2025 ikaingia Goma. Watu wa kusini ya Lubero wakapanda kuja kwetu. Mwaka ule wa 2024 kakao ilipita dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia. Mwenye kakao anayefika shambani alipata pesa kweli. Lakini kakao hailiwi, inavutia wezi na wenye bunduki, na kila mti wa kakao unasimama mahali ambapo muhogo au maharagi yangesimama.

Sahani nzuri ni bei gani?

Sasa tuje sokoni. Ripoti ya 2020 ya FAO na wenzake juu ya chakula duniani ilisema kwamba sahani yenye afya inagharimu karibu mara 5 ya sahani inayojaza tumbo kwa wanga peke yake, na kwamba watu zaidi ya bilioni 3 hawawezi kuilipa. Basi mama wa Mulekera au wa Kimemi si peke yake.

Lakini hesabu ya kilo inadanganya kidogo. Kilo moja ya unga ya muhogo ina protini chini ya gramu 20. Kilo moja ya maharagi makavu ina zaidi ya gramu 200. Soya ina zaidi ya 350, na samaki wadogo wakavu wanaweza kupita 500. Hata kama kilo ya maharagi ni mara 3 ya bei ya unga, kile kinachomjenga mtoto ndani yake ni mara 10. Kwa hiyo ukiulizwa ni chakula gani cha bei rahisi, uliza kwanza: rahisi kwa kujaza tumbo, ama rahisi kwa kukuza mtoto?

Mafuta nayo ni hivyo. Mafuta mekundu ya ngazi yana rangi ile kwa sababu ya kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga. Mafuta meupe ya jerikani yamepoteza rangi hiyo kiwandani. Unga wa masoso, yaani mahindi, sorgo na soya, ni uji mzuri wa mtoto kuliko biskuti yoyote ya Kasindi. Lengalenga ya uwanjani, sombe iliyotiwa karanga ama fretini kidogo, havina aibu yoyote. Kuna watu wanaona haya kumpa mgeni sombe na kumpa soda. Hiyo haya nayo tuliipata katika historia, pale mboga za "wakubwa" zilipotengwa na majani ya "wadogo".

Tatizo kubwa zaidi ni kununua kidogo kidogo. Aliye na faranga za siku moja ananunua kwa kopo, na bei ya kopo daima iko juu kuliko bei ya gunia. Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya soko: kama gunia linatoa makopo 100 na kila kopo mnunuzi mdogo anaongeza faranga 300, akimaliza gunia zima atakuwa amelipa faranga 30,000 zaidi ya tajiri, kwa maharagi yale yale. Halafu kuna msimu. Maharagi yanavunwa Desemba na Januari, tena Juni na Julai. Wakati huo bei inashuka. Mwezi wa kupanda, bei iko juu. Maskini anauza bei ikiwa chini kwa sababu ana deni la shule, na ananunua bei ikiwa juu kwa sababu ghala ni tupu.

Kwa chama chetu, hii inataka kusema nini?

Kwa wafadhili, kwanza. Mafunzo ya lishe ni mazuri, lakini mafunzo bila mtaji ni kumhubiria mwenye njaa. Historia hii inaonyesha kwamba sahani ya mtoto imeamuliwa na barabara, mpaka, pesa, ugonjwa wa mimea na bunduki, kabla mama hajawasha makala. Mkitaka kuibadilisha, saidieni pale inapoamuliwa. Pesa za ghala la maharagi la kartie zinalisha kuliko fulana na mabango. Mbegu zikifika mwanzo wa msimu ni msaada. Zikifika mwezi mmoja baadaye zinaliwa, na wanaozila msiwalaumu.

Kwa wanachama, pili. AVEC na likelemba zetu zinaweza kufanya kitu ambacho mtu mmoja hawezi: kununua gunia wakati wa mavuno, kuligawa kwa bei ya gunia, na kuweka sehemu kwa mwezi wa kupanda. Mlinunua pamoja majeneza na mahema. Mnaweza kununua pamoja maharagi. Wenye parseli ndogo, lengalenga na vitunguu vinatosha kwa mita chache, na kobayi na sungura hawaombi shamba. Wenye kakao, acheni mistari ya chakula. Bei ya dunia ikianguka, hakuna atakayekula mbegu zile chungu.

Na kwa wababa, tatu, kwa heshima. Rasio si zawadi, wala si siri. Mama asiyejua mwezi una pesa ngapi hawezi kununua gunia. Atanunua kopo tu, kila siku, kwa bei ya juu. Ukikaa naye mwisho wa mwezi mkahesabu pamoja, umeongeza chakula bila kuongeza hata faranga moja.

Kazi ya kutengeneza barabara ya Kasindi-Beni, kilometa 80, na Beni-Butembo, kilometa 54, ilizinduliwa Juni 2021, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Barabara ikikamilika itakuwa habari njema. Lakini tumeshaona katika historia hii kwamba barabara nzuri inaleta na inabeba pia. Maharagi yatapita mlangoni kwetu haraka kuliko zamani. Ghala za kartie zikiwa tayari kabla ya hapo, mengine yatabaki. Mavuno yajayo hayako mbali. Kila kikundi kilete katika mkutano ujao hesabu ya magunia kinayoweza kununua, hata kama ni moja tu. Haba na haba hujaza kibaba.